Wapakasi wa Buganda: Mkulima Mdogo Alipogeuka Mwajiri

Nyumbani kwetu, upande wa Masaka, neno "mpakasi" halitamkwi mbele ya wageni. Babu yangu mzaa mama ni mtoto wa Mganda aliyekuwa na kibanja cha pamba na kahawa. Bibi, mkewe, ni mtoto wa mtu aliyefika kwa miguu kutoka Urundi kukilima kibanja hicho hicho. Kwa hiyo mwajiri na mwajiriwa wote ni wazee wangu, na ninapoandika historia hii sijui vizuri nikae upande wa nani.

Mwalimu alipotutaka tuandike kuhusu waajiri na vibarua wa kigeni katika Afrika Mashariki, wenzangu wengi walichagua reli ya Uganda na vibarua waliotoka Uhindi, au manamba wa mkonge kule Tanga. Ni mada nzuri, lakini mwajiri wake tunamfahamu tangu shule ya msingi: ni Mzungu, ni kampuni, ni serikali. Mimi nimechagua mwajiri ambaye vitabu vyetu humpita haraka. Huyu ni Mganda wa kawaida mwenye ekari chache, jembe moja la ziada na jiko la nyasi, aliyemwajiri mgeni mmoja au wawili kwa miezi michache na kuwalaza humo jikoni. Mmoja mmoja waajiri hawa walikuwa wadogo kabisa. Kwa pamoja walivuta watu wengi kuliko mwajiri mkubwa yeyote nchini.

Ili kuelewa kwa nini mkulima mdogo alihitaji kibarua, yafaa kuanzia Mkataba wa 1900 kati ya Uingereza na Buganda. Mkataba ule uligawa ardhi kwa vipimo vya maili za mraba, ndiyo maana mpaka leo tunaiita "mailo", na sehemu kubwa ikawaangukia machifu na watu wenye vyeo. Mkulima wa kawaida alibaki mpangaji juu ya kibanja. Miaka michache tu baadaye, kuanzia 1903 na 1904, mbegu za pamba ziligawiwa kupitia Kampuni ya Uganda, iliyokuwa na uhusiano na wamisionari wa CMS. Pamba ikashika. Mkulima akapata pesa ya kodi, ya nguo, na baadaye ya baiskeli, bila kumwomba mtu kazi.

Lakini mikono yake haikuwa huru. Alidaiwa kazi na mwenye ardhi. Alidaiwa luwalo, yaani kazi ya barabara na ya umma isiyo na malipo. Juu ya hayo kulikuwa na kasanvu, kazi ya lazima kwa serikali yenye ujira mdogo mno, ambayo watu waliichukia kuliko kitu chochote. Kasanvu ilipofutwa mwaka 1922, idara za serikali zilishtuka. Nani atabeba mizigo? Nani atachimba mitaro? Mganda mwenye pamba hakuona sababu ya kwenda kuchimba mtaro wa mtu. Wakati huo huo walowezi wachache waliokuwa na mashamba ya mpira na kahawa walikuwa wamepigwa na kuanguka kwa bei baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ubishi mrefu wa kama Uganda iwe nchi ya walowezi au ya wakulima Waafrika ukaelekea upande wa wakulima. Hapo ndipo macho ya wote, serikali, Wahindi wenye mashamba ya miwa, machifu na wenye vibanja, yalipogeukia kusini-magharibi.

Kule Ruanda-Urundi, chini ya Wabelgiji, mambo yalikuwa mazito. Kulikuwa na kodi ya kichwa iliyotakiwa kwa pesa taslimu, mahali ambapo njia za kuipata pesa hiyo zilikuwa chache. Kulikuwa na ubureetwa, kazi ya shokoa kwa chifu, ambayo utawala wa kikoloni uliikuta, ukaikaza na kuitumia. Juu yake zikaja kazi za barabara, za kupanda miti, za kulima mazao yaliyoamriwa, na kiboko kwa aliyechelewa. Njaa kubwa ya 1928 na 1929, inayoitwa Rwakayihura, iliwasukuma maelfu kuvuka mpaka. Ruzagayura ya 1943 na 1944 ikafanya hivyo tena. Na kuna jambo la hesabu ambalo wanafunzi hulisahau: faranga ya Kibelgiji ilishuka thamani katika miaka ya 1920, na shilingi ya Afrika Mashariki ikawa na nguvu mbele yake. Ujira mdogo wa Buganda ukibadilishwa mpakani ulikuwa mkubwa. Mtu aliyefanya kazi miezi michache aliweza kurudi na kodi yake, kodi ya baba yake, blanketi na jembe jipya.

Kwa Kinyarwanda kwenda kutafuta kazi ya malipo ugenini ni "gupagasa". Kwa Kiganda ni "okupakasa", na mfanyaji ni "omupakasi". Maneno haya yanasikika kama ndugu wa "pagazi" wetu wa Kiswahili, aliyebeba pembe na vitambaa kati ya pwani na maziwa makuu. Mimi naona si ajabu. Lugha yetu ilipita njia zile kabla ya barabara, na ilimpa jina mtu anayekodishwa kabla serikali haijampa kipande.

Wasafiri walikuja kwa makundi, mara nyingi wakimfuata mmoja aliyekwisha kwenda na kurudi. Wanyarwanda wengi walivukia upande wa Kagitumba, wakapita Ankole hadi Mbarara, kisha Masaka. Warundi wengi walipita Tanganyika, wakavuka mto Kagera. Safari ya miguu ilichukua wiki kadhaa. Walibeba maharage na unga mpaka vikaisha, halafu wakaomba au wakalima kwa siku moja ili wale. Kuhara na homa viliwaua wengine njiani. Serikali ya Uganda, kwa kuwa iliwahitaji, ilikuja kuweka kambi za kupumzikia zenye maji, chakula na dawa, na hilo yapasa kulitaja kwa haki. Lakini tusilipambe. Mtu huwatunza hata punda wa mizigo.

Sasa tufike barabarani, maana hapo ndipo ajira yenyewe ilipofanyika, na hapo ndipo historia hii inaponivutia kuliko penginepo. Hakukuwa na ofisi. Mganda aliyehitaji mtu wa kulima alisikia kwamba kundi linapita, akaenda kando ya barabara kuu au karibu na kambi. Wengine walikwenda na chakula kilichopikwa. Msafiri mwenye njaa ya wiki tatu akapewa viazi au matoke, akala, na mazungumzo yakaanza. Kila upande ulikuwa na hofu yake. Mwajiri aliogopa kumpa mgeni jembe na blanketi, kisha aamke asubuhi akute vyote vimeondoka. Mgeni aliogopa kulima msimu mzima, kisha siku ya malipo aambiwe pamba haijauzwa.

Mapatano yalikuwa ya mdomo. Kwa kawaida yalihesabiwa kwa mwezi, na kila siku mgeni alipimiwa kipande cha shamba cha kulima. Mwenye nguvu alikimaliza kabla ya jua kali. Baada ya hapo mchana ulikuwa wake, naye aliweza kwenda kwa jirani kufanya leja leja, yaani kazi ndogo ya kulipwa papo hapo kwa pesa, kwa chumvi au kwa chakula. Mwajiri alitoa jembe, mahali pa kulala na mlo. Mara nyingi walikula chakula kimoja, ingawa si kwenye mkeka mmoja.

Kazi kubwa ilikuwa kufyeka na kung'oa mabingobingo, yale majani marefu ambayo kwetu huitwa ebisagazi. Mizizi yake ni migumu, na jembe la mkono hulia likiigusa. Waganda waliwaachia wanawake kilimo cha migomba na chakula cha nyumbani, na mwanamume mwenye pesa ya pamba aliona afadhali amlipe mgeni avunje ardhi ile kuliko kuivunja mwenyewe. Si kwamba alikuwa mvivu, kama maofisa wa kikoloni walivyopenda kuandika. Alikuwa amepiga hesabu. Akilima peke yake angepanda ekari moja. Akiwa na mpakasi mmoja angeongeza nyingine, na tofauti ya bei ingemlipa mpakasi na kubaki.

Kinachoshangaza ni kwamba wahamiaji wengi walimpendelea mwajiri huyu mdogo kuliko waajiri wakubwa. Kulikuwa na kiwanda cha sukari cha Lugazi, alichokianzisha Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924, na baadaye Kakira ya Muljibhai Madhvani, na kulikuwa na Idara ya Ujenzi ya serikali. Wakubwa hawa waliweza kulipa zaidi kwa mwezi. Lakini kwao kulikuwa na kengele, nyapara, hesabu za siku, na kukatwa ujira. Kwa Mganda kulikuwa na mtu mmoja mnayeonana uso kwa uso. Akikudhulumu, unachukua fimbo yako unaondoka kwa jirani yake, ambaye naye anatafuta mtu. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mpakasi wa Buganda na manamba wa Tanganyika. Manamba aliandikishwa kwao, akapewa namba, akasafirishwa, akafungwa na mkataba. Mpakasi alijileta mwenyewe, na akaondoka mwenyewe. Uhuru wake ulikuwa huo wa miguu, na ulimlazimisha mwajiri kuwa na adabu kiasi, kwa sababu jina la mwajiri mbaya lilisafiri haraka katika kambi za barabarani.

Hata hivyo uhuru wa miguu haukumlipa mtu ujira uliokwisha kuzuiwa. Mapatano ya mdomo yakivunjika, mgeni alimshtaki mwajiri kwa nani? Kwa chifu wa eneo, ambaye alikuwa jamaa au rafiki wa mwajiri, na kwa lugha asiyoijua vizuri. Baba yake bibi alilima kwa baba yake babu mwaka mzima mwishoni mwa miaka ya 1930. Miezi miwili ya mwisho hakulipwa. Sababu aliyopewa ni kwamba bei ya pamba ilikuwa mbaya. Yamkini ilikuwa mbaya kweli. Mkulima mdogo alikuwa chini ya bei iliyopangwa mbali naye na chini ya mizani ya mnunuzi. Lakini hapo tunaona vizuri jinsi hasara ilivyoshuka ngazi kwa ngazi mpaka ikamfikia mtu wa mwisho, ambaye hakuwa na wa kumshushia.

Wapo wanaosema mfumo ule ulikuwa wa udugu: Mwafrika alimwajiri Mwafrika, wakala pamoja, wakaoana. Siukatai kabisa, maana mimi ni ushahidi. Lakini bei ya kazi ile ilikuwa ndogo kwa sababu maalumu. Mwajiri alimpokea mtu mzima mwenye nguvu. Hakumlea utotoni, hakumuuguza kwa muda mrefu, wala hakutegemea kumtunza uzeeni. Gharama hizo zilibaki Ruanda-Urundi, kwa mke aliyelima peke yake na kwa wazee waliofanya ubureetwa badala ya kijana aliyeondoka. Pamba ya Buganda, na baadaye kahawa iliyowatajirisha wakulima wa Masaka na Mengo katika miaka ya 1950, ilikua juu ya hesabu hiyo. Naona kumwita mtu "wa muda" ni njia ya kuigawa gharama yake: nguvu huku, mzigo kule.

Nchini mwenyewe hakuna aliyeamini neno hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1928 Lukiiko ya Buganda ilipitisha sheria ya busuulu na envujjo. Sheria hiyo iliweka kikomo cha kodi ambayo mwenye mailo angeweza kumtoza mpangaji, na ikamkinga mpangaji asifukuzwe hivi hivi. Ilikusudiwa kuwalinda Waganda wadogo dhidi ya Waganda wakubwa, lakini haikumuuliza mpangaji ametoka wapi. Mwenye ardhi, ambaye sasa hakuweza kupandisha kodi, alipata faida kwa kuongeza idadi ya wapangaji na kupokea ada ya kuingia, iliyoitwa "kanzu". Mgeni aliyekuja kulima miezi sita akagundua kwamba kwa akiba ya mwaka mmoja au miwili angeweza kupata kibanja chake mwenyewe. Akapanda pamba yake. Msimu uliofuata akamleta mke. Na baada ya miaka michache, naye akaenda kando ya barabara na viazi vilivyopikwa, kutafuta mpakasi. Hatua hii ya mwisho husahaulika sana. Baadhi ya waajiri wa miaka ya 1950 walikuwa wenyewe wamefika kwa miguu.

Mwaka 1954 Audrey Richards, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, alitoa utafiti mkubwa kuhusu wahamiaji hawa. Hesabu ya watu ya 1948 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu theluthi ya wakazi wa Buganda walikuwa watu waliotoka nje ya Buganda. Hesabu ya 1959 ilikuta zaidi ya Wanyarwanda laki tatu na zaidi ya Warundi laki moja katika Uganda nzima. Na hao ni waliokubali kujitaja. Wengi walikwisha kuchukua majina ya Kiganda, wakavaa kanzu, wakajiunga na ukoo wa mwenyeji fulani, wakakataza watoto kusema lugha ya nyumbani. Hawakufanya hivyo kwa kupenda kuiga. "Munyarwanda" lilikuwa limegeuka kuwa jina la kazi ya chini, na mzazi hakutaka mwanawe aitwe jembe la mtu.

Kisha mambo yakabadilika ghafla. Mapinduzi ya Rwanda ya 1959 yalileta wakimbizi, na mtu wa kusini aliyekuwa anaonekana kama mkono wa kazi akaanza kuonekana kama tatizo la siasa. Uhuru wa 1962 ulileta swali la uraia: umezaliwa wapi, na mzazi wako je? Mpakasi hakuwa na karatasi, kwa sababu aliajiriwa kwa mdomo. Yule mwajiri mdogo ambaye angeweza kumshuhudia alikuwa amezeeka au amekufa. Mwaka 1982, katika Ankole, viongozi wa mitaa na vijana wa chama tawala waliwafukuza maelfu ya watu walioitwa Wanyarwanda, wakichoma nyumba na kuchukua ng'ombe, na wengine wakakwama mpakani Merama Hill, huku hawatakiwi, kule hawapokewi. Miongoni mwao walikuwamo wakimbizi, wafugaji wa zamani, na watoto wa watu waliokuja kulima mashamba ya wenyeji wao. Aliyewafukuza hakujali tofauti.

Katiba ya 1995 iliorodhesha jamii za asili zilizokuwamo katika mipaka ya Uganda kufikia Februari 1926, na Wanyarwanda wamo. Warundi hawamo. Mtu anaweza kujiuliza mwaka huo una maana gani kwa historia niliyoieleza hapa. Wimbi kubwa la wapakasi lilikuja baada yake, kwa njaa ya 1928, kwa kodi ya miaka ya 1930, kwa njaa ya 1943. Waliitwa, walipewa kambi, walilishwa barabarani ili wakubali kazi. Mstari ukachorwa nyuma yao.

Nirudi kwetu. Katika miaka ya 1960 babu alipotaka kumwoa bibi, wazee wa upande wake walikataa kwa sababu mbili. Kwanza walihofu kwamba ni wa ukoo mmoja, kwani waliamini mpakasi wao alichukua ukoo wa bwana wake kama wengi walivyofanya, na kwa Waganda ndoa ya namna hiyo ni mwiko. Ikaonekana kwamba hapana: alikuwa amechukua ukoo wa jirani, yule aliyempa leja leja za mchana na kumlipa papo hapo. Sababu ya pili haikuhitaji maelezo. Walisema ni mtoto wa mpakasi. Mzee yule wa Urundi, alipoulizwa anataka mahari gani, alisema mahari yaweza kusubiri, lakini kwanza alipwe miezi miwili ya mwaka ule wa pamba. Bibi anasema ililipwa mbele ya watu wote. Babu anasema ilisamehewa. Wanabishana mpaka leo, na mimi nimeacha kuuliza.

Miaka michache iliyopita, ulipofika wakati wa kuandikisha vitambulisho, bibi alitaja ukoo wake wa Kiganda na karani akaandika bila kuinua kichwa. Kaka yake alifanya vivyo hivyo. Mdogo wao wa mwisho, ambaye peke yake alibaki na jina la Kirundi alilopewa na baba yake, aliambiwa alete barua ya mtu anayeweza kuthibitisha kwamba mzee wao aliingia nchini lini, na aliajiriwa na nani.